Jipya, la yadi, la mkononi, la kuagiza au la mnadani: ununue gari kwa njia ipi?

Mtu akitaka gari, siku za mwanzo huishia kwenye ubishi wa aina: Toyota au Mazda, petroli au dizeli, dogo la kuzungukia mjini au la kubeba familia. Swali la "nilinunue kwa nani?" huja mwishoni, tena kwa haraka, pesa zikiwa zimeshaanza kumwasha. Hapo ndipo wengi hupigwa.

Gari la muundo ule ule na mwaka ule ule lina bei moja kwa muuzaji wa yadi, nyingine kwa mwenyewe, nyingine mnadani. Tofauti hiyo, kwa sehemu kubwa, ni malipo ya kubebewa hatari. Giaboksi ikifa mwezi wa pili, nani atalipa? Njia ya bei ya juu kwa kawaida hukuachia hatari ndogo, na njia ya bei ya chini hukukabidhi hatari yote pamoja na funguo. Kuna watu wanaoweza kuibeba hatari hiyo bila kutikisika, kwa sababu wana fundi wa kumwamini na akiba ya matengenezo. Wengine hawawezi, na kwao gari la bei ya kutupa ndilo ghali kuliko yote.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alilieleza jambo hili kwa kutumia soko la magari yaliyotumika. Muuzaji anazijua kasoro za gari, mnunuzi hazijui, basi mnunuzi anashusha bei kwa kuhofia baya zaidi, na mwenye gari zuri anaona heri abaki nalo. Kazi hiyo ilichangia yeye na wenzake wawili kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Kwa anayenunua, maana yake ni hii: chochote kinachopunguza pengo kati ya anachokijua muuzaji na unachokijua wewe kina thamani ya pesa, hata kama ni kumlipa fundi nusu siku.

Vigezo vya kulinganishia

Kila njia hapa chini nimeipima kwa mambo manne. Kwanza ni gharama yote, yaani bei iliyobandikwa kwenye kioo pamoja na usajili, bima, ushuru pale unapohusika, matengenezo ya miezi ya mwanzo, na thamani itakayopotea siku utakapouza. Pili ni historia: unaweza kujua kiasi gani kuhusu gari kabla hujalipa? Tatu ni ulinzi, maana yake kama kuna mtu wa kumrudia mambo yakiharibika. Nne ni muda na kazi, kwa sababu njia nyingine zinamtaka mnunuzi awe nusu fundi na nusu karani.

Gari jipya kwa wakala rasmi

Gharama. Ni njia ya bei ya juu, na pigo kubwa ni kushuka kwa thamani. Gari jipya hupoteza thamani kwa kasi zaidi katika mwaka wake wa kwanza kuliko mwaka mwingine wowote. Kwa aina nyingi, moja ya tano ya bei kuondoka ndani ya miezi 12 ni jambo la kawaida. Ukikaa nalo miaka 10, pigo hilo linasambaa na halionekani sana. Ukiwa na tabia ya kubadilisha gari kila baada ya miaka 2, unalipa pigo hilo kila mara.

Uliza bei ya mwisho, gari likiwa barabarani na namba zake, kabla ya kuzungumzia rangi. Ada za kuandaa gari, dawa ya kuzuia kutu, mazulia na karatasi za vioo huongezwa moja moja mpaka jumla inakuwa nyingine kabisa. Na muuzaji akikuuliza, "Bosi, kwa mwezi unaweza kulipa ngapi?", usijibu. Ukishataja kiasi cha mwezi, bei ya gari inaacha kujadiliwa. Anachofanya ni kurefusha miezi.

Historia. Haipo, na ndiyo raha yenyewe. Isipokuwa gari la maonyesho, lile walilokuwa wakilitumia wateja kufanyia majaribio. Hilo huuzwa kwa punguzo na linafaa kutazamwa, ila uliza dhamana yake inaanza kuhesabiwa lini: siku ulipolinunua au siku liliposajiliwa mara ya kwanza.

Ulinzi. Hapa njia hii inaziacha nyingine mbali. Dhamana ya miaka 3 au kilomita 100,000, chochote kitakachotangulia, imezoeleka, na wapo wanaokwenda mbali zaidi. Kia, kwa mfano, imejijengea jina Ulaya kwa dhamana ya miaka 7. Lakini soma masharti. Vitu vya kulika kama breki, tairi na klachi mara nyingi havimo, na ukiruka huduma iliyopangwa unaweza kunyimwa haki kwa sehemu inayohusiana nayo.

Muda na kazi. Kazi ni ndogo. Muda unategemea kama gari lipo au linasubiriwa kutoka kiwandani.

Humfaa nani. Mwenye kutaka gari la kukaa nalo miaka mingi, mwenye biashara ambayo gari likilala siku moja anapoteza wateja, na asiye na hamu ya kumjua fundi yeyote kwa jina.

Gari lililotumika, kutoka yadi

Gharama. Kushuka kwa thamani kwa miaka ya mwanzo kumeshalipwa na mtu mwingine. Unachoongezewa ni faida ya mwenye yadi, na hilo ni halali yake: amelitafuta gari, amelisafisha, amelipia eneo. Bei ya yadi ina nafasi ya kujadiliwa, hasa kwa gari lililokaa muda mrefu. Ukiona vumbi limeganda chini ya waipa na tairi zimebonyea upande mmoja kwa kusimama, hilo si gari la kununua kwa bei ya kwanza.

Historia. Hapa ndipo penye utata. Mwenye yadi mwenyewe huenda hajui gari limetoka wapi, na rangi iliyong'arishwa huficha mengi. Omba kitabu cha huduma, risiti za zamani na jina la mmiliki aliyetangulia kwenye kadi ya usajili. Asipokuwa na chochote, lichukulie kama gari lisilo na historia, na bei ifuate.

Ulinzi. Kuna anuani, kuna jina la biashara, kuna mlango wa kugonga. Yadi nyingine hutoa dhamana ya miezi michache ya injini na giaboksi, na sheria za nchi nyingi humpa mteja haki zaidi dhidi ya mfanyabiashara kuliko dhidi ya mtu binafsi. Ila neno la mdomo halitoshi. "Likikusumbua nirudishie tu" iandikwe kwenye mkataba: sehemu zipi, kwa muda gani, nani analipia spea. Mwenye yadi akikataa kuandika alichokwisha kukitamka, umeshapata jibu lako.

Muda na kazi. Siku chache. Unaona magari mengi mahali pamoja, unayalinganisha, na makaratasi mara nyingi wanakufanyia.

Humfaa nani. Anayehitaji gari mapema, anayetaka kuligusa kabla ya kulipa, na anayehitaji kubadilishana gari la zamani na kuongeza pesa.

Gari la mkononi, kutoka kwa mwenyewe

Njia hii nitakaa nayo zaidi, kwa sababu ndiyo yenye tofauti kubwa kati ya aliyejiandaa na asiyejiandaa.

Gharama. Hakuna faida ya mtu wa kati, kama kweli hakuna dalali. Gari lile lile huwa chini ya bei ya yadi, na muuzaji mwenye haraka ya kweli hushuka zaidi. Lakini matengenezo yote ya baadaye ni yako tangu dakika ya kwanza, hivyo tenga akiba ya tairi, betri, breki, oili na mkanda wa taiming kama gari linao. Mkanda huo ukikatika barabarani, kwenye injini nyingi vali na pistoni hugongana, na unaanza kuzungumzia injini nyingine.

Historia. Ukimpata mmiliki wa kwanza au wa pili, hii ndiyo njia inayokupa historia kamili kuliko zote, kwa sababu unaongea na aliyeliendesha. Muulize anauza kwa nini, halafu nyamaza. Uliza gari lilihudumiwa wapi, na uombe kumpigia fundi huyo. Mwenye gari zuri hupenda kulisimulia. Mwenye kitu cha kuficha hutaka mzungumzie bei.

Kisha likague. Mwambie kabla asiwashe injini mpaka ufike. Injini ya baridi husema ukweli ambao ya moto huuficha. Fungua kifuniko cha oili: utandu mweupe kama maziwa huweza kuashiria maji yanaingia kwenye oili, ingawa gari la safari fupi fupi nalo huweza kupata kidogo. Likiwashwa, tazama moshi. Wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi, na mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata joto ni maji ya rejeta.

Kilomita huchezewa kila mahali, basi usiiamini dashibodi peke yake. Raba ya pedali ya breki iliyolika mpaka chuma na usukani uliong'aa kwa kushikwa havipatani na kilomita 60,000. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne za mwisho za alama ya kiwandani: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la mwaka 2021 lenye tairi za tangu 2019 limebadilishiwa tairi za kuokoteza, na mwenyewe anapaswa kueleza. Tazama pia boliti zinazoshika boneti na milango; zikiwa zimechunwa rangi, paneli hiyo imewahi kufunguliwa. Inua zulia la nyuma na sehemu ya tairi la akiba. Tope kavu au kutu pale ndani, pamoja na harufu ya ukungu, ni dalili za gari lililozama.

Ukiweza, tafuta kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Taa ya injini kutowaka si ushahidi, kwa sababu mtu anaweza kuifuta asubuhi ile ile. Ila ikifutwa, kompyuta hurudi kuanza majaribio yake upya, na kifaa kitaonyesha kwamba hayajakamilika. Ukikuta hivyo kwa gari "linaloendeshwa kila siku", rudi wiki nyingine. Kwa gari la umeme la mtumba, uliza afya ya betri kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye Nissan Leaf, kwa mfano, dashibodi ina vipande 12 vidogo vya kuonyesha uwezo uliobaki, na vilivyopotea havirudi.

Ulinzi. Karibu hakuna. Mkishapeana mikono, ni lako. Kwa hiyo ulinzi unaujenga kabla: linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi na ile ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Namba ya kimataifa ina alama 17 na haitumii I, O wala Q. Ukiona mojawapo ya hizo, simama. (Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi yenye kistari katikati, hayo usiyashangae.) Hakikisha kwenye mamlaka ya usajili kwamba gari halina deni la benki wala kesi, na anayekuuzia ndiye mwenye jina. "Ni la kaka yangu yuko safari" ni sentensi ya kufungia mazungumzo. Lipa kwa njia inayoacha ushahidi, na umiliki uhamishwe siku hiyo hiyo.

Muda na kazi. Nyingi. Utazunguka, utapigiwa simu na madalali wa gari moja kwa bei tatu, na mengine utayakataa kwa kuyatazama mara moja tu. Kizuri chajiuza: gari la mkononi lililo safi haliningojei mimi wala wewe, kwa hiyo uwe na fundi aliye tayari kutoka siku utakayompigia.

Humfaa nani. Mwenye subira, mwenye fundi wake, na mwenye akiba inayobaki baada ya kulipa.

Kuagiza kutoka nje

Gharama. Bei ya mtandaoni hupendeza sana mpaka uisome vizuri. FOB ni bei ya gari likiwa limepakiwa melini tu. CIF imeongeza bima na nauli ya meli hadi bandari ya kufikia. Baada ya hapo kuna ushuru, ada za bandari, wakala wa forodha na usajili, na katika nchi nyingi jumla ya hivyo inakaribia au kupita bei ya gari lenyewe. Piga hesabu yote kabla ya kutuma arubuni, na uache nafasi ya kubadilika kwa thamani ya fedha za kigeni.

Historia. Inashangaza, lakini gari ambalo hujaliona linaweza kuwa na rekodi nzuri kuliko lililo mbele yako. Minada ya magari ya Japani hutoa karatasi ya ukaguzi yenye alama ya jumla na mchoro wa gari. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni paneli iliyobadilishwa. Alama ya jumla ya 4 au 4.5 ni gari zuri. R au RA ni gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa, na si lazima liwe baya, ila liwe na bei yake. Omba karatasi ya asili, na uombe itafsiriwe na mtu asiye muuzaji.

Jambo moja linalosahaulika ni magari yaliyoitwa na viwanda kurekebishwa. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani ilisababisha wito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari, zaidi ya mifuko milioni 60 Marekani pekee, na gari likivuka bahari bila kurekebishwa, barua ya wito haimfuati mmiliki mpya. Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya kiwanda uone.

Ulinzi. Mdogo. Kumshitaki muuzaji aliye bara lingine si jambo la kupangia. Kinachokulinda ni kuchagua kampuni yenye rekodi ndefu, ukaguzi wa mtu wa tatu kabla ya kupakiwa, na akaunti ya benki yenye jina la kampuni. Ukiambiwa utume kwa akaunti ya mtu binafsi, hapo umeshaingia kwenye mikono ya matapeli.

Muda na kazi. Wiki kadhaa hadi miezi, na makaratasi mengi. Masharti ya umri wa gari, moshi na upande wa usukani hutofautiana kati ya nchi na nchi. Yasome kabla gari halijapakiwa.

Humfaa nani. Anayetaka muundo au hali ambayo soko la karibu halina, asiye na haraka.

Mnadani

Gharama. Inaweza kuwa ya chini kuliko zote. Inaweza pia kupanda kwa ushindani wa watu wawili wasiotaka kushindwa. Ongeza ada ya mnada, na andika kikomo chako kwenye karatasi kabla hujaingia.

Historia. Uliza gari limetoka wapi. La taasisi huwa limehudumiwa kwa ratiba, lakini limepita mikono ya madereva wengi. Lililokamatwa na benki lilikuwa la mtu aliyeshindwa marejesho, na aliyeshindwa marejesho huenda alishindwa na oili pia. La kampuni ya bima mara nyingi liligongwa. Mpeleke fundi wa bodi, si wa injini.

Ulinzi. Hakuna. Linauzwa lilivyo na mahali lilipo, mara nyingi bila kuliendesha hata mita kumi.

Muda na kazi. Siku ya mnada ni fupi, ila malipo yanatakiwa ndani ya siku chache na arubuni hupotea ukichelewa.

Humfaa nani. Fundi, muuzaji wa spea, au mtu anayeweza kupoteza kiasi hicho bila nyumba kuyumba.

Taslimu au mkopo?

Hili linagusa njia zote. Mkopo hupatikana kwa urahisi zaidi kwa wakala na yadi, kwa shida kwa gari la mkononi, na kwa nadra mnadani. Uliza kitu kimoja: riba inahesabiwa kwa kiasi chote cha mwanzo au kwa deni linalobaki? Asilimia 10 kwa mwaka, miaka 3, ikihesabiwa kwa kiasi cha mwanzo, ni riba ya asilimia 30 ya mkopo. Asilimia 10 hiyo hiyo kwa deni linalopungua kila mwezi ni kama asilimia 16. Matangazo yote mawili yataandika "asilimia 10".

Kwa hali yako

Kama ni gari lako la kwanza na huna fundi unayemwamini, yadi yenye mkataba wa maandishi inakufaa kuliko mkononi, hata ukilipa zaidi. Kama gari ndilo ofisi yako, anza na jipya au la maonyesho, kisha shuka kwa la yadi la miaka michache. Kama unamfahamu mwenye gari na umeliona likihudumiwa, acha kuzunguka, mpe bei ya haki. Kama unataka muundo maalumu na una miezi ya kusubiri, agiza, na ukadirie ushuru kwa upande wa juu.

Na kama bei ya gari inamaliza akiba yako yote, njia yoyote utakayoichagua, shuka daraja moja la ukubwa au la mwaka mpaka ibaki pesa ya bima, tairi nne na huduma ya kwanza.